Siku Kumi na Nne za Bi Masharti

Bi Masharti hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alipewa na muuza viatu mmoja, siku alipomwambia kwamba tovuti yake imejengwa kama choo cha stendi: kuingia rahisi, kutoka mpaka upige kelele. Muuza viatu alikasirika, akamwita Bi Masharti mbele ya wafanyakazi wake wote. Kisha akamlipa, na kabla ya mwezi kwisha akampelekea wateja wengine watatu. Ndivyo biashara yake ilivyokua. Watu walimlipa ili awatukane, wakarudi na ndugu zao watukanwe pia.

Kazi yenyewe, ukiieleza msibani, watu wanahama viti. Sheria inasema kwamba mtu akinunua kitu mtandaoni, bila kukiona wala kukishika, ana siku kumi na nne za kubadili mawazo. Haulizwi sababu, wala haombi radhi. Anabofya kitufe cha kughairi, anapata ujumbe wa kuthibitisha, anarudisha kitu, basi. Mtoto wa darasa la nne anaielewa, ila wenye maduka wakiisoma wanashikwa na kizunguzungu. Bi Masharti ndiye aliyewashika mkono, na wengine sikio, mpaka kitufe kikae mahali kinapoonekana.

Vituko alikuwa ameviona. Duka moja la mapazia liliandika "Ghairi" kwa rangi ya kijivu juu ya kijivu, chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo hata mende angehitaji tochi. La manukato lilikuuliza kama una uhakika, kisha kama una uhakika kabisa, kisha kama umeshauriana na familia. La vyombo vya jikoni lilikuonyesha picha ya mtoto mchanga anayelia.

"Huyu mtoto anamlilia nani? Sufuria?" Bi Masharti aliuliza.

"Mbunifu wangu alisema picha hiyo inagusa moyo," mwenye duka alijitetea.

"Basi mwambie mbunifu wako amnyonyeshe. Mimi nataka kitufe."

Ukali huo haukutoka vitabuni. Alikuwa amekaa miaka tisa kwenye dirisha la kurudishia bidhaa, chini kabisa ya duka kubwa la ghorofa nne, kati ya ngazi na chumba cha mafagio. Watu walimletea birika lenye maji ya moto bado ndani, suti ya harusi yenye ua la bwana harusi mfukoni, mwavuli uliovunjwa na mume kichwani mwa shemeji. Msimamizi wake alitaka kila anayerudisha kitu aandikiwe sababu kwenye daftari. Yeye aliandika neno moja kwa wote, miaka tisa: "Ameamua." Msimamizi aligomba mpaka akastaafu, na daftari likabaki vilevile.

Alipochoka kukaa kati ya ngazi na mafagio, alikodi chumba juu ya karakana ya mafundi cherehani, akaweka meza, feni na kompyuta, akaanza kujitegemea. Mteja wake wa kwanza alikuwa muuza magodoro. Kwa ajili yake aliandika masharti ya mauzo, ukurasa mmoja na nusu, kwa lugha ambayo mtu anaweza kuisoma amesimama. Aliyapenda masharti yale kama mzazi anavyompenda kifungua mimba, na kama wazazi wengi, hakumwona mwanawe kasoro hata moja. Kila mteja aliyefuata alipewa yaleyale, yakibadilishwa jina la duka hapa na aina ya bidhaa pale. Wengine waliyaiba bila hata salamu. Siku moja alikuta duka la keki limeandika kwamba mteja akirudisha bidhaa, iwe imekunjwa vizuri na haina madoa ya mkojo. Alicheka mpaka mafundi wa chini wakagonga dari kwa mti wa ufagio.

Alikuwa na wateja thelathini na mmoja siku baba mkwe wake alipopiga simu.

"Mkwe, njoo. Nimeibiwa."

Bi Masharti alitoka mbio na kandambili za ofisini. Baba mkwe alikuwa mpima ardhi mstaafu, mjane, mtu wa kuishi peke yake kwa ukaidi tu, na mkwewe alishawaza mlango uliovunjwa na mzee aliyefungwa kamba. Alimkuta amesimama katikati ya sebule, mzima kama ng'ombe, amenyoosha rula kuelekea kwenye kiti.

"Shikamoo, baba. Wameiba nini?"

"Marahaba. Hawajaiba. Wameleta."

Kilikuwa kiti cha wagonjwa wa mgongo, cheusi, chenye vishikio vitano na mto wa kuinulia kiuno. Baba mkwe alikinunua mtandaoni kwa sababu kinyozi wake alikisifia. Tangu kifike, alisema, kila akikaa kinamsukuma kwa nyuma kana kwamba zamu yake imekwisha. Alikivumilia siku sita, kisha akabofya kughairi. Tovuti ikamjibu papo hapo: "Muda wako umekwisha."

Jina la duka Bi Masharti alilifahamu. Mwenye Viti, kama alivyomwita, alikuwa mteja wake wa saba, mtu wa maneno matamu aliyeuza viti na vitanda.

"Ulikiagiza lini, baba?"

"Tarehe mosi. Kikafika tarehe tisa. Nikaghairi tarehe kumi na tano."

"Si ndiyo maana. Umechelewa siku moja." Alicheka kidogo, kwa upendo, kama unavyomcheka mzee aliyesahau miwani kichwani.

Baba mkwe hakucheka. Huyu alikuwa mtu aliyetumia miaka thelathini kupigilia vigingi ardhini na kugombana na watu kuhusu upana wa dole gumba. Alisoma hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa, mstari kwa mstari, rula ikiwa chini ya maneno. Aliitoa sheria yenyewe, aliyokuwa amekwenda kuichapisha dukani, akaiweka mezani na rula juu yake.

"Soma hapo."

Bi Masharti alisoma. Siku kumi na nne, tangu siku mteja anapoipokea bidhaa mkononi.

Rula ikahamia kwenye karatasi ya pili, masharti ya duka. "Na hapo."

Siku kumi na nne, tangu siku ya kununua.

Sentensi ile aliijua. Aliijua na mkato wake. Aliiandika yeye, mchana mmoja wa jua kali, kwa ajili ya magodoro, na baada ya hapo aliinakili na kuibandika kwenye maduka thelathini mengine. Sheria alikuwa ameisoma mara mia, na mara zote mia macho yake yalisoma alichokizoea. Dirishani kwake, kati ya ngazi na mafagio, mtu alinunua na kuondoka na mzigo wake saa ileile. Siku ya kununua ndiyo ilikuwa siku ya kupokea. Aliangalia tarehe ya risiti miaka tisa, na risiti ikamwingia kichwani kama kutu. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa akilipwa kuangalia makundu ya wenzake.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Kandambili zenyewe aliziona zimemkaa vibaya.

"Nimeandika barua kwa ofisi ya kulinda walaji," baba mkwe alisema, akampa kurasa nne za maandishi yaliyonyooka kama mipaka ya viwanja. "Ipitie kabla sijaipeleka. Wewe ndiye mtaalamu. Kinyozi wangu anakufahamu. Daktari wa meno anakufahamu. Nimewaambia wote: mke wa mwanangu, wezi wa mtandaoni wakimsikia wanajikojolea."

Kwenye ukurasa wa tatu alikuwa ameandika: "Aliyeyatunga masharti haya ni mwizi au ni mpumbavu, na ofisi yako ina wajibu wa kumtafuta."

"Imekaa vizuri?" mzee aliuliza.

"Imekaa vizuri, baba. Niachie nikaipitie kwa utulivu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia mzee huyo, ukiacha ule wa kila Jumapili kwamba chai yake haina chumvi.

Ofisini alimpigia mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa safarini. Mume alisikiliza, kisha akatoa shauri la mtu aliyelelewa na mpima ardhi. "Nyamaza. Mzee akijua, tutalisikia hilo mpaka tuzikwe. Na kaburini atakuja kupima."

Akampigia Mwenye Viti. Huyu hata hakushtuka.

"Dada yangu, mbona jambo dogo? Mzee akilete kiti leo, namrudishia pesa yake yote, na mto nampa zawadi. Barua ichane. Neno lile tunalibadilisha mimi na wewe, kimyakimya. Nani atajua?"

Alilibadilisha. Lilimchukua sekunde chache kufuta maneno "ya kununua" na kuandika "ya kupokea bidhaa mkononi", na masharti yakawa safi kama yalivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Angeyatuma kwa maduka yote jioni ile kwa jina la marekebisho madogo, mzee angerudishiwa pesa yake, kinyozi na daktari wa meno wangeendelea kumfahamu. Alikaa akiitazama sentensi mpya, na hakujisikia vizuri hata kidogo.

Shida ni kwamba sheria ile aliijua, ukitoa mahali pale pamoja alipoharibu. Duka lisipomweleza mteja haki yake sawasawa, siku zake za kughairi haziishi zikifika kumi na nne. Zinaongezwa mpaka mwaka mzima. Maana yake waliokataliwa wote walikuwa bado na haki, na hawakujua, na hawangejua kama yeye na Mwenye Viti wangefuta neno na kunyamaza. Kila mwenye duka aliyewahi kumwomba afiche jambo dogo, yeye alimjibu kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa mkuki ulikuwa wake.

"Nitumie orodha ya walioghairi wakakataliwa," alimwandikia Mwenye Viti.

"Ya nini tena, dada?"

"Nitumie kabla sijaja huko na kandambili."

Ilikuja orodha ya watu sitini na wawili. Tena ilikuja na maelezo, kwa sababu Mwenye Viti, licha ya kuambiwa mara tatu aondoe kisanduku cha "sababu", alikiacha, na binadamu akiona kisanduku hujieleza. Mmoja aliandika kwamba kiti kinalia kama mbuzi akikaa mbele ya wageni. Mwingine kwamba rangi waliyoionyesha ni kahawia lakini waliyoileta ni huzuni. Mama mmoja aliandika, "Mume wangu amekipenda, ndiyo sababu." Bi Masharti alianza kucheka, akiwa peke yake, akaona pengine mambo si mabaya hivyo.

Mtu wa arobaini na tano alikuwa amejaza fomu mara tatu.

Mara ya kwanza: "Naomba kurudisha kitanda. Kilifika siku ya kumi na tatu tangu niagize. Hakijafunguliwa."

Jibu la mtambo: "Muda wako umekwisha."

Mara ya pili: "Naomba tena. Kitanda ni cha watu wawili. Sasa niko peke yangu."

"Muda wako umekwisha."

Mara ya tatu: "Samahani kwa usumbufu. Nimeambatanisha cheti cha kifo cha mke wangu kama ushahidi."

"Muda wako umekwisha."

Bi Masharti hakulia. Alijitukana, kwa sauti, kuanzia kichwani kushuka chini bila kuruka kiungo, mpaka cherehani za chini zikasimama moja moja na mafundi wakabaki wanasikiliza. Miaka tisa alikataa kumwuliza mtu yeyote sababu, hata mwenye birika la moto, hata mwenye mwavuli wa shemeji. Na sasa mtu ameomba radhi kwa kufiwa, mbele ya sentensi yake yeye. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mwenye duka yeyote.

Asubuhi yake alikwenda kwa baba mkwe na ile barua. Alikuwa amepanga maneno njiani, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Alipofika mlangoni yote yalitoweka.

"Baba, huyu wa ukurasa wa tatu ni mimi."

"Yupi?"

"Mwizi au mpumbavu. Sijaiba. Chagua lililobaki."

Akamweleza yote: magodoro, dirisha, risiti, maduka thelathini na moja, jinsi alivyobadilisha neno jana na kutaka kunyamaza, na mtu wa kitanda. Mzee alisikiliza amesimama. Alipomaliza, mzee alikwenda akakaa kwenye kile kiti asichokipenda, akaacha kimsukume.

"Barua inakwenda," alisema.

"Najua, baba."

"Sibadilishi hata neno."

"Usibadilishe."

"Ijumaa, saa tatu. Uje."

Hakumwita mkwe. Hakumkaribisha chai, na Bi Masharti, aliyeichukia chai ile kwa miaka kumi na miwili, alitembea mpaka ofisini akiitamani na chumvi yake.

Mchana ule aliyaandikia maduka yote thelathini na moja. Hakuandika "marekebisho madogo". Aliandika kwamba amekosea, amekosea wapi, na kwamba kila mteja aliyekataliwa aandikiwe leo aambiwe haki yake bado ipo. Tisa walimfukuza kazi kabla ya saa kumi. Muuza magodoro alimwambia asikanyage tena mtaani kwake, akakata, akapiga tena kumwuliza barua hiyo aiandikeje. Muuza viatu alicheka sana, akaomba nafasi. "Leo zamu yangu," alisema, na akamtukana dakika kumi nzima kwa ufundi ambao Bi Masharti hakujua kwamba anao. Alisikiliza mpaka mwisho, maana alistahili, na mawili matatu aliyaweka akiba.

Mwenye Viti alilia kwamba amemmaliza.

"Utalia baadaye. Kitanda kwanza," alimwambia. "Gari liende kesho, vijana wakichukue, pesa irudi siku hiyohiyo. Na wasimwulize chochote."

"Hata sababu?"

"Ukimwuliza sababu, nitakuja nikuuze wewe mwenyewe."

Ijumaa walikwenda na teksi moja, yeye na baba mkwe, barua ikiwa magotini kwa mzee. Ofisi ya kulinda walaji ilikuwa na benchi tatu za mbao, kalenda ya mwaka uliopita na dirisha moja la kioo, na nyuma yake karani mwenye sweta aliyekuwa akichovya biskuti kwenye chai. Alizisoma kurasa nne, moja baada ya nyingine, akavuta fomu.

"Mlalamikaji?"

"Mimi," alisema baba mkwe.

"Mlalamikiwa anapatikana wapi?"

"Hapa," alisema Bi Masharti.

Karani aliinua macho. Biskuti ilikatika ikazama. "Mama, mlalamikiwa huwa haji. Sisi ndio huwa tunamtafuta, miezi."

"Basi nimewapunguzia kazi. Niandike."

"Nani amekuleta?"

"Mlalamikaji. Nauli amelipa yeye."

Karani aligeuza fomu mbele na nyuma, akitafuta sehemu ya watu wa namna hiyo, asiione. Mwishowe alifika kwenye mstari alioujua, akashika kalamu vizuri.

"Je, mlalamikaji na mlalamikiwa wana uhusiano wowote?"

Bi Masharti aliangalia mikono yake. Siku tatu hakuwa ameitwa kitu na mtu huyu, na hakujua kama neno la mkwe bado ni lake kulisema.

"Ni mtoto wangu," baba mkwe alisema. Aligonga kioo kwa rula. "Andika hivyo, mtoto wangu, usikosee. Halafu geuza ukurasa wa tatu, sijamaliza kumshtaki."